Goma: Kabla ya kununua mtoto wa mbwa mkubwa, omba kumwona mama yake

Katika mji wa Goma, mbwa mkubwa amekuwa sehemu ya ukuta. Mkaaji anayemaliza kujenga hutafuta lango la bati, halafu kufuli, halafu mbwa. Tangu vita vilipoingia mjini mwishoni mwa Januari 2025, wezi wenye silaha wamewakosesha watu usingizi katika mitaa mingi. Asiyeweza kumlipa mlinzi kila mwezi anaona afadhali anunue mtoto wa berger allemand mara moja, amlee, na baada ya mwaka mmoja awe na mlinzi asiyedai mshahara. Woga huo una sababu, na hakuna wa kuucheka.

Lakini kuna jambo ambalo wanunuzi wengi hawalifikirii wanapotoa pesa zao. Mtu anayenunua mtoto wa mbwa mkubwa bila kujua umri wake, mama yake na chanjo zake, hajanunua ulinzi bado. Amejitwika deni, na mara nyingi atakayelilipa ni mtoto wa jirani.

Jirani huyo leo ni nani? Kambi za wakimbizi wa ndani zilizouzunguka mji, kama Bulengo na Lushagala, zilivunjwa Februari 2025. Familia nyingi zilirudi Masisi, Rutshuru na Nyiragongo. Nyingine zilibaki, zikapokelewa na ndugu na marafiki, au zikapanga chumba kimoja katika parsele yenye milango mitano. Watoto wa familia hizo ndio wanaopita asubuhi na bidoni za maji mbele ya malango ya watu. Wanaingia katika parsele wasizozijua kuuza ndizi au kuomba kazi ya kufua. Hawajui mbwa gani amefungwa na yupi yuko huru. Ndiyo maana habari ya mbwa wakubwa si ya wenye nyumba za Himbi peke yao. Inamhusu pia mama mhami wa Mugunga ambaye hana hata paka.

Namna biashara hii inavyofanyika inajulikana. Kijana anasimama kando ya barabara na katoni. Ndani mna watoto wa mbwa wanne au watano, manyoya meusi na kahawia, miguu minene. Muuzaji anasema wana miezi mitatu, baba yao alitoka Kampala, mama yao yuko kwa mzungu fulani. Bei inapatanwa, mtoto mmoja anawekwa ndani ya koti, moto inawaka, mambo yamekwisha. Hakuna karatasi. Hakuna aliyemwona mama.

Mara nyingine yule wa miezi mitatu ana wiki tano tu. Muuzaji ana haraka, kwa sababu kila siku inayopita watoto hao wanakula zaidi, na mmoja akifa ni hasara yake. Kwa mnunuzi, wiki zile tatu zinazokosekana ni kitu kikubwa. Waganga wa wanyama wanashauri mtoto wa mbwa asitenganishwe na mama yake kabla ya wiki 8. Katika muda huo anacheza na ndugu zake, anamng'ata mmoja kwa nguvu, mwenzake analia na kuacha mchezo, mama anamkaripia. Hivyo ndivyo mbwa anavyojifunza kipimo cha meno yake. Aliyeondolewa mapema hakupata somo hilo, na katika parsele ya watu hakuna mbwa wa kumfundisha. Kwa mbwa mdogo, kosa hilo huishia kwenye suruali iliyochanika. Berger allemand dume aliyekomaa ana kilo 30 hadi 40, na Rottweiler dume hufika kilo 50. Mtoto wa miaka sita hana hata nusu ya uzito huo.

Kwa hiyo neno la kwanza la kumwambia muuzaji ni hili: nipeleke kwa mama yake. Asiyekuwa na mama wa kuonyesha ana sababu zake, na hakuna iliyo nzuri kwa mnunuzi. Huenda watoto wameibwa. Huenda mama alikufa kwa ugonjwa. Huenda ni mbwa wa kawaida waliopakwa jina la kigeni ili bei ipande.

Mama akionekana, anasema mengi bila kufungua kinywa. La kwanza ni tabia. Mama anayejificha akitetemeka, au anayetaka kumrarua kila mtu hata mwenyewe akiwapo, huwapa watoto wake sehemu ya tabia hiyo, kwa damu na kwa malezi. Mlinzi mzuri ni mbwa anayebweka mgeni akifika, kisha anatulia mwenye nyumba akimwambia inatosha. Mbwa mwenye hofu hawezi kutulia. Huyo ndiye anayeng'ata wanaokimbia, na wanaokimbia huwa ni watoto.

La pili ni nyonga. Mbwa wakubwa wana ugonjwa wa mifupa ambao mbwa wadogo wa mtaani hawaupati sana. Kichwa cha mfupa wa paja kinapaswa kukaa vizuri ndani ya kikombe cha nyonga, kama yai ndani ya kijiko. Kwa wengine kikombe ni kifupi na kiungo kinalegea. Kila hatua inasugua mfupa kwa mfupa. Waganga wanauita ugonjwa huo displazia. Unawapata sana berger allemand, Rottweiler, Labrador na wengine wa kimo hicho, na unatoka kwa wazazi kwenda kwa watoto. Mbwa anaanza kuchechemea akiwa na miezi michache, au anaonekana mzima hadi miaka minne, halafu asubuhi moja anashindwa kusimama. Aliyenunuliwa kuwa mlinzi anakuwa mgonjwa wa kubebwa, na mbwa mwenye maumivu humng'ata hata anayemlisha.

Katika nchi nyingine wafugaji walijipanga. Marekani, tangu 1966, kuna shirika linalosoma picha za nyonga za mbwa na kutoa cheti, na cheti cha mwisho hakitolewi kabla mbwa hajafika miaka miwili. Mfugaji mwaminifu anasubiri cheti hicho ndipo azalishe. Goma ni vigumu kumpata muuzaji mwenye karatasi kama hiyo. Lakini macho yapo. Mwambie mwenye mbwa amwamshe mama, atembee, akimbie kidogo, alale na kuamka tena. Akiamka kwa shida, akiruka kwa miguu miwili ya nyuma pamoja kama sungura, akitikisa kiuno upande huu na ule, usichukue mtoto wake hata ukipewa bure. Tena usimnunue mtoto wa jike aliyezalishwa kabla hajakomaa. Jike wa kimo hicho aliyezaa akiwa na mwaka mmoja alizalishwa naye akiwa bado anakua.

Nusu nyingine ya ugonjwa huu iko mikononi mwa mnunuzi. Wengi wanadhani mbwa mkubwa anapaswa kunenepeshwa haraka ili atishe haraka. Ni kinyume. Huko Marekani, watafiti waliwalea watoto 48 wa Labrador wawili wawili. Mmoja wa kila jozi alipewa chakula pungufu ya mwenzake kwa robo, maisha yake yote. Matokeo yalichapishwa 2002: waliokula kidogo waliishi karibu miaka miwili zaidi, na viungo vyao viliharibika kwa kuchelewa. Hii haina maana ya kumtesa mbwa kwa njaa. Maana yake ni kwamba mbavu zake ziguswe kwa urahisi chini ya ngozi, na asiwe na tumbo la pipa kabla mifupa haijakomaa. Mbwa wakubwa humaliza kukua kati ya mwaka mmoja na mwaka mmoja na nusu. Kabla ya hapo, kumrusha kutoka juu ya gari au kumkimbiza nyuma ya moto juu ya mawe ya volkano kunaharibu viungo vyake. Vidonge na unga wa kalsiamu vinavyouzwa eti vinajenga mifupa navyo humdhuru mtoto wa mbwa mkubwa vikizidi. Asipewe bila mganga wa wanyama kusema.

Chakula chenyewe ni hesabu ya kufanywa kabla ya kununua. Mbwa wa kilo 35 hashibi kwa ukoko wa bugali uliobaki kwenye sufuria. Anahitaji bugali pamoja na fretin, vichwa vya samaki, utumbo au damu iliyopikwa, kila siku, kwa miaka 10 au zaidi. Mifupa iliyopikwa asipewe, maana hupasuka vipande vikali na kutoboa matumbo. Chakula kigawanywe mara mbili kwa siku. Mbwa wenye kifua kirefu wanaokula sahani kubwa mara moja kisha wakakimbia wanaweza kupinduka tumbo: linavimba ghafla, mbwa anajaribu kutapika na hakitoki kitu, na bila kupasuliwa anakufa kwa saa chache. Nyumba ambayo watoto wake wanalala bila kula haina sababu ya kujiongezea kinywa kama hicho. Kusema hivyo si dharau kwa maskini. Mbwa mwenye njaa huruka ukuta akatafute, na yanayotokea nje ya ukuta hakuna anayeyasimamia.

La tatu ambalo mama analisema ni chanjo. Hapa ndipo mambo yanakuwa ya kufa na kupona, kwa mbwa na kwa watu.

Kwa mbwa, adui wa kwanza anaitwa parvo. Ni virusi vinavyoshambulia matumbo ya watoto wa mbwa: wanatapika, wanaharisha damu, hawanywi maji, na wengi wanakufa kwa siku mbili tatu. Rottweiler na berger allemand ni kati ya wanaoumwa vibaya zaidi. Kinga inaanza kwenye wiki 6 hadi 8, na inarudiwa kila wiki tatu au nne hadi mtoto afikishe wiki 16. Sindano moja peke yake haitoshi, hata muuzaji akiapa. Na parsele ambamo mbwa amekufa kwa parvo isiletewe mtoto mwingine mwezi unaofuata, kwa sababu virusi hivyo vinakaa kwenye udongo miezi mingi. Javel inaviua kwenye saruji na kwenye sahani, lakini haifiki ndani ya mawe na udongo. Parvo ya mbwa haiambukizi watu. Minyoo ya mbwa ndiyo inayowapata watoto wa nyumba, basi dawa ya minyoo ianze mapema na irudiwe.

Kwa watu, adui ni kichaa cha mbwa, ambacho wengi mjini wanakiita rage. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu unaua watu 59,000 hivi kila mwaka duniani, karibu wote Asia na Afrika. Visa 99 kati ya 100 vya watu vinatoka kwa mbwa. Watu 4 kati ya 10 wanaong'atwa na mnyama anayeshukiwa kuwa na kichaa ni watoto chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza kwa mtu, hospitali haina la kufanya ila kumpunguzia mateso. Jambo la kusikitisha ni kwamba kinga ipo tangu zamani: Julai 1885, huko Paris, Louis Pasteur alimchanja mtoto wa miaka 9 aliyeng'atwa, na mtoto yule akapona. Baada ya miaka zaidi ya 130, hakuna mtoto wa Kivu anayepaswa kufa kwa sababu mtu alinunua mbwa bila kumchanja.

Chanjo ya kichaa hutolewa kwa kawaida mbwa akifika miezi mitatu, kisha inarudiwa kama mganga anavyopanga. Maana yake ni kwamba yule wa kwenye katoni bado hajakingwa, hata akiwa mzuri kiasi gani. Mama yake akiwa hakuchanjwa na aliumwa na mbwa wa nje, mtoto huyo anayelambwa na kupakatwa na nyumba nzima anaweza kuuleta ugonjwa huo chumbani. Kwa hiyo kijitabu cha chanjo cha mama kionekane, chenye tarehe, jina la chanjo na muhuri wa mganga wa wanyama. Mbwa anayevuka mpaka kihalali naye hupita na karatasi za afya. Anayesema mbwa ametoka Kampala au Kigali na hana karatasi hata moja, amepitia wapi?

Familia za wahami na wakaaji wote washike pia haya kwa ajili ya siku ya kung'atwa. Kidonda kioshwe palepale kwa maji mengi na sabuni, dakika 15 nzima, hata kama maji yenyewe yametoka mbali na bidoni ni moja. Jiwe jeusi, majivu na majani havitoi virusi. Halafu mtu aende kituo cha afya siku hiyohiyo, bila kungoja kuona kama mbwa ataugua, na amalize sindano zote kwa tarehe atakazopewa. Ugonjwa unaweza kukaa kimya mwilini wiki au miezi kabla ya kuonekana, na kimya hicho ndicho kinachowadanganya wazazi. Mbwa akijulikana, asiuawe kwa hasira. Afungiwe mahali salama na kutazamwa siku 10 na mganga wa wanyama. Akibaki mzima, waganga wa watu watajua namna ya kuendelea.

Na gharama ni ya nani? Hapa familia nyingi zilizohama zinanyamaza, kwa sababu mwenye parsele ndiye aliyewapa pa kulala. Sheria ya Kongo haikunyamaza. Kifungu cha 261 cha sheria ya majukumu, ya Julai 30, 1888, ambayo bado inatumika, kinasema mwenye mnyama anawajibika kwa madhara aliyoyafanya, awe alikuwa chini ya ulinzi wake au alitoroka. Sheria hiyo haiulizi kama aliyeng'atwa ana parsele au anaishi kwa kupokelewa. Mwenye mbwa anayekataa kulipia matibabu kwa kusema "mtoto wako alifuata nini hapa" anajua kwamba lango lake lilikuwa wazi.

Wako watakaosema huu si wakati wa kuzungumza habari za mbwa, watu wanazika na kukimbia. Lakini ni katika wakati huu mbwa wakubwa wanazidi, na waganga wa wanyama wanakosa vifaa. Tena Goma inajua kukimbia ni nini. Mei 27, 2021, siku chache baada ya Nyiragongo kulipuka, sehemu kubwa ya mji iliamriwa kuhama, na watu kwa malaki wakashika njia ya Sake, ya Rutshuru na ya Rwanda. Familia yenye watoto watano na magodoro mawili haiwezi kubeba mbwa wa kilo 40 kwenye moto. Anayenunua leo ajiulize: siku hiyo ikirudi, nani atamfungua mnyororo, na akifunguliwa, atakula nini katika mji usio na watu? Mbwa mkali, mwenye njaa, asiye na chanjo, ndiye wanaorudi wa kwanza watamkuta njiani.

Kwa wengi wetu mjini jibu ni jepesi kuliko tunavyodhani. Mbwa wa kienyeji wa kilo 15, aliyechanjwa, anayekula kidogo na kulala mlangoni, anabweka sawasawa na Rottweiler. Mwizi huogopa kelele inayowaamsha majirani kumi, na mwenye bunduki hazuiwi na mbwa wa aina yoyote. Mbwa wakubwa wa kigeni wanaweza kuishi vizuri Kivu Kaskazini: mbuga ya Virunga ina kikosi cha mbwa tangu 2011, kilichoanza na bloodhound wanaonusa nyayo za majangili. Lakini mbwa hao wana mganga, wana walezi waliofundishwa, wana chakula chao na kazi yao kila siku. Mwenye uwezo wa kutoa hayo anunue bila wasiwasi. Asiye nao asione aibu kufuga mdogo.

Kuna pia la kufanya pamoja. Mashirika yanayopiga vita kichaa cha mbwa yanaeleza kwamba mbwa 70 kati ya 100 wakichanjwa mahali fulani, ugonjwa unakosa njia. Nyumbakumi anaweza kuandika mbwa wa nyumba zake kwenye ukurasa mmoja wa daftari. Wenye mbwa wa avenyu moja wanaweza kumwita mganga wa wanyama siku moja na kugawana usafiri wake. Makanisa na misikiti inayotangaza chanjo ya watoto inaweza kutangaza na ya mbwa.

Na kama wiki hii kijana wa katoni atasimama mbele ya lango lako, usimtukane, naye anatafuta maisha. Muulize maswali matatu: mama yake yuko wapi, alizaliwa tarehe gani, kijitabu kiko wapi. Akiweza kukupeleka hadi kwa mama mwenye afya, nenda naye, na umlipe bei yake bila kumkandamiza. Akishindwa, mwache aondoke na katoni yake. Wanunuzi wakikataa watatu, wanne, wauzaji watajifunza kuja na karatasi.